Mtu wa Kiti cha Tatu

Chicago, 10 Septemba 2018

Kwa Waandishi wa tamthilia ya zimamoto "Kituo cha Halsted",
Los Angeles

Wapendwa waandishi,

Mwalimu wetu wa lugha, Bi. Pettigrew, hutufundisha kwamba barua ya maombi itaje haja yake katika aya ya kwanza, ili msomaji asiitafute kama mwiba katika samaki. Haja yangu ni hii: nawaomba msimwondoe mtu wa kiti cha tatu.

Najua mnapokea barua nyingi msimu huu. Tangu itangazwe kwamba Kapteni Kearney anaondoka baada ya miaka kumi na moja, hata kwenye foleni ya samaki wa Ijumaa watu hawana habari nyingine. Bibi yangu Odessa ameapa kuacha kutazama, kiapo ambacho hukila kila mwaka. Mimi pia nitamkosa Kapteni. Lakini nimesikia kwa mtu anayejua kwamba mabadiliko hayataishia kwa waigizaji wenye majina. Wale wanaokaa nyuma kwenye meza ya jikoni, wasiosema neno, nao watapunguzwa.

Mtu ninayemwombea ni yule mrefu mwenye mabega mapana, anayekaa kiti cha tatu akiwa ameipa kamera mgongo. Yumo kwa misimu minne sasa. Kapteni alipotangaza uchumba wake, mtu huyu alikuwa ameinamia friji. Habari za kifo cha Luteni Doyle zilipoletwa, alikuwa anafunga kamba za buti. Mbwa wa kituo alipozaa ndani ya gari la ngazi, kila mtu alikimbia kuona, naye akabaki anafuta meza iliyokuwa safi. Nimemhesabu mara sitini na moja, na uso wake haujaonekana hata mara moja. Hata hivyo, jiko lile bila yeye lingekuwa jiko la dukani tu, ambalo hakuna aliyewahi kulipikia.

Natumaini mtalitazama ombi langu kwa wema.

Wenu mwaminifu,
Corinne Tolliver
Darasa la nane


Los Angeles, 24 Septemba 2018

Mpendwa mtazamaji,

Asante kwa barua yako kuhusu Kapteni Kearney. Nasi tutamkosa sana. Hatuwezi kufichua jinsi atakavyoondoka, ila tunakuahidi kwamba shujaa hasahauliki. Tafadhali pokea picha yake yenye saini, pamoja na shukrani zetu.

Kwa niaba ya waandishi,
M. Arakaki


Chicago, 1 Oktoba 2018

Mpendwa M. Arakaki,

Asante kwa jibu na kwa picha. Nilitaka kuirudisha, kwa kuwa sikuiomba na huenda yuko mtu anayeihitaji zaidi, lakini Bibi alinitangulia kufungua bahasha. Sasa picha iko kwenye mlango wa friji yetu, kati ya kalenda ya kanisa na ratiba ya gari la taka, na Bibi amesema atakayeigusa aanze kutafuta nyumba.

Naona barua yangu haikueleweka. Bi. Pettigrew anasema hilo likitokea, kosa ni la mwandishi, kwa hiyo narudia kwa ufupi. Simzungumzii Kapteni. Namzungumzia mtu aliye nyuma ya Kapteni. Ukitaka kumwona, tazama sehemu ya nne ya msimu wa tisa, dakika ya kumi na mbili. Kapteni analia, na nyuma yake kuna mgongo unaopasua mayai. Anayapasua kwa mkono mmoja, mawili kwa mpigo, bila kipande cha ganda kuingia kwenye bakuli. Mtu hajifunzi hivyo kwa kuigiza. Huyo amewahi kupikia watu kumi na wawili wenye haraka.

Ombi langu ni lile lile.

Wako mwaminifu,
Corinne Tolliver


Los Angeles, 9 Oktoba 2018

Mpendwa Corinne,

Niwie radhi. Barua zikiwa nyingi, mimi hutazama kama kuna jina la Kapteni, kisha nachukua bahasha yenye picha. Naitwa Midori, ni karani wa chumba cha waandishi, na nina miaka ishirini na minne tu, kwa hiyo niite dada. Na usiache kuniandikia kwa kalamu. Ujumbe wa kompyuta huja maelfu na hakuna anayeusoma.

Nilikaa na fundi wetu wa picha, tukaanza na mayai. Kisha friji. Kisha buti. Tulipofika kwenye ile meza safi tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Sasa ofisi nzima inamjua mtu wako. Mmoja anasema anamkimbia mke wa zamani. Mwingine anaapa kwamba ni mapacha wanaobadilishana. Mkuu wetu, Bwana Lindqvist, anasema huyo ndiye pekee katika tamthilia hii ambaye hajawahi kumwomba aongezewe maneno.

Lakini sitakuficha lingine. Anayepanga watu wa nyuma huko Chicago ni mgeni kazini, Bwana Prentiss, na Bwana Prentiss anataka nyuso. Amemwomba mtu wako ageuke mara tatu. Mara zote tatu aligeuka, akatabasamu vizuri, na kamera ilipowaka akageuka tena. Basi Prentiss amesema kwamba tarehe 15 Novemba, siku tutakayopiga picha za kumuaga Kapteni, asiyeonyesha uso atampisha mwingine kwenye kiti.

Je, unajua kwa nini hataki kuonekana? Na samahani kwa kuuliza, huyu ni nani wako?

Dada yako,
Midori Arakaki


Chicago, 13 Oktoba 2018

Dada Midori,

Sikusema uongo katika barua zangu, lakini nilinyamazia jambo, na Bibi anasema uongo na kunyamaza ni ndugu wa tumbo moja. Mtu wa kiti cha tatu ni baba yangu, Dexter Tolliver. Alikuwa mzima moto wa kweli miaka ishirini na mbili. Miaka minne iliyopita dari la duka la matairi lilimwangukia goti, na daktari akasema ngazi basi. Hapo ndipo alipopata hiyo kazi ya kukaa nyuma, maana kampuni hupenda watu wanaojua kuvaa koti lile bila kufundishwa.

Siku za kupiga picha Baba huamka mapema na kupiga pasi fulana, ingawa koti litaifunika. Siku nyingine hukaa jikoni kwetu na kumkosoa Bibi namna anavyokaanga viazi. Bibi hustahimili kwa sababu anajua anachokikosa si viazi. Sasa unaelewa kwa nini ninataka abaki na kiti.

Kuhusu uso, sababu ni aiskrimu. Usicheke. Katika vituo vya zimamoto vya hapa kuna sheria isiyoandikwa popote na isiyovunjwa na yeyote: ukitokea gazetini au kwenye televisheni, unakinunulia kituo kizima aiskrimu, zamu zote tatu. Mwaka ambao gazeti lilimwonyesha Baba amembeba paka wa kanisa, walikuja mpaka watu waliokwisha kuhamia vituo vingine, kila mmoja na kijiko chake mfukoni. Ukijitetea, unalazimika kununua na karanga za juu yake. Na kustaafu hakukutoi katika sheria. Nilipomuuliza kwa nini hugeuka, aliniambia, "Cori, mwanangu, uso wangu una gharama. Mgongo ni bure."

Nimeshaongea na Bibi. Tunaweza kuitengeneza aiskrimu nyumbani, tukianza wiki mbili kabla. Tafadhali mweleze Bwana Prentiss kwamba si ukaidi. Na tafadhali Baba asijue kwamba nimeandika.

Mdogo wako,
Corinne


Los Angeles, 19 Oktoba 2018

Mpendwa Corinne,

Keti kwanza. Nimemsomea Bwana Lindqvist barua yako yote. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaandika. Katika sehemu ya kumuaga, Kapteni anasimama kutoka mezani kwa mara ya mwisho. Anafika mlangoni. Ndipo mtu wa kiti cha tatu anageuka, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hii, na kusema, "Umesahau kikombe chako, Kapteni." Maneno manne, uso mzima.

Na aiskrimu ni juu yetu. Gari litaipeleka kwenye kituo chake cha zamani siku hiyo hiyo, ya kutosha zamu zote tatu, karanga zikiwemo. Niambie tu ni watu wangapi. Baba yako atapelekewa ukurasa wake wiki hii, na jina lako halikutajwa.

Nina furaha kama vile kiti ni changu.

Midori


Chicago, 24 Oktoba 2018

Bi. Arakaki,

Nimepata ukurasa, na karatasi iliyobandikwa juu yake inayozungumzia aiskrimu. Mtu mmoja tu duniani angeweza kuwaambia habari hiyo, na anasoma darasa la nane. Usimwambie kwamba nimejua. Amelelewa kusaidia, na sitaki ajute.

Nashukuru kwa heshima mliyonipa, lakini siwezi kuyasema maneno haya. Aiskrimu si sababu. Ni jambo ninalomwambia mtoto kwa kuwa ni jepesi kubeba.

Wenzangu wa zamani hawajui kwamba nafanya kazi hii. Wanajua ninapumzika. Kila Jumatano wanakula mbele ya tamthilia yenu ili wacheke makosa yake. Nami nilikuwa nacheka nao. Milango inafunguliwa bila kuguswa kwanza kwa nyuma ya mkono kupima joto. Mipira ya maji inabebwa kama shali. Sasa nionekane humo, mimi niliyeambiwa ngazi basi, nimevaa koti la stoo lenye jina la mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, nikimwambia mwigizaji kuhusu kikombe? Koti lile mtu hulipata kwa kupanda. Hilo najikumbusha kila siku, ndiyo maana naipa kamera mgongo, ili wao wasinitambue.

Mpeni mwingine kiti. Corinne mwambieni mipango imebadilika.

Dexter Tolliver


Los Angeles, 29 Oktoba 2018

Mpendwa Corinne,

Nasikitika kukuarifu kwamba mipango ya sehemu ya kumuaga Kapteni imebadilika. Mambo kama haya hutokea sana katika kazi yetu. Asante kwa kuipenda tamthilia.

M. Arakaki


Chicago, 2 Novemba 2018

Dada Midori,

Barua yako ya mwisho ni fupi, haina utani, na umeisaini kama ile iliyokuja na picha. Bi. Pettigrew anasema mtu akiandika vibaya ghafla, huenda ameombwa kuficha kitu. Sitakuuliza umeombwa na nani, kwa sababu nadhani nimejua kwa njia nyingine, na nataka nikueleze kwa utaratibu.

Uliniambia nikupe idadi ya watu wa aiskrimu. Kwa kuwa sikutaka kukisia, Jumamosi Bibi alinipeleka kwenye kituo cha Baba, nami nikachukua daftari. Tulimkuta Luteni Bascombe anamenya viazi. Ni mtu mkubwa anayeongea taratibu, aliyekuwa zamu moja na Baba kwa miaka mingi. Nilimweleza kwamba Baba ataonekana kwenye televisheni, na kwamba nilihitaji kujua wako wangapi na nani hali karanga.

Jikoni wote wakageuka kunitazama. Nikafikiri nimeharibu.

Luteni akaweka kisu chini. "Kwani yeye anadhani hatujui?"

Mwenzake mmoja, Ruiz, akaanza kucheka mpaka akashika meza. Alisema kila Jumatano wanamngoja. Atakayemwona Baba wa kwanza haoshi vyombo siku hiyo, na yeye Ruiz hajagusa sufuria tangu kiangazi kilipoisha, kwa kuwa amejifunza kutazama friji kabla ya kumtazama Kapteni.

Bibi aliwauliza kwa ukali kwa nini miaka minne yote hawakumwambia mwanawe hata neno.

"Mama Odessa," Luteni akasema, "tungemwambia angeacha. Wewe unamjua mwanao kuliko sisi. Tukaona bora tumwone hivyo hivyo kuliko tusimwone kabisa. Maana hapa haji."

Hapo nikaelewa kwamba si aiskrimu. Nilijisikia mjinga kidogo, Dada Midori, kwa sababu mimi ndimi niliyewaandikia kwamba najua. Lakini bado kulikuwa na kitu sikukielewa, nikauliza walimjuaje kama uso hauonekani.

Luteni alinitazama kama vile nimemuuliza anaujuaje mlango wa nyumba yake. "Binti, ndani ya moshi huoni uso wa mtu. Nimeufuata mgongo ule kupanda ngazi miaka kumi na tisa. Ningeujua hata ungekuwa ndani ya gauni."

Alichukua karatasi akaandika, huku wengine wakimwelekeza kutoka pande zote za jikoni. Sikuisoma njiani, kwa kuwa haikuwa yangu. Baba aliisoma amesimama karibu na sinki. Akaisoma tena. Kisha akanipa, akasema ninaweza kuinakili na kuituma Los Angeles, kwa kuwa inaonekana mimi ndiye posta ya familia. Ndipo nikajua kwamba alikuwa amejua kuhusu barua zangu. Hii hapa:

"Tolliver. Zamu imekaa kikao. Imeonekana kwamba mgongo ni sehemu ya mtu. Imeonekana kwamba umetokea mara sitini na moja kwa hesabu ya binti yako na sitini na tatu kwa yetu, kwa hiyo hana macho makali kama anavyodhani. Aiskrimu zote za nyuma umesamehewa. Kuhusu koti, vaa. Sisi tulikuwepo ulipolipata la kwanza. Kabati lako bado lina jina lako. Makao makuu wametuuliza mara mbili mbona hatujaling'oa, tukawajibu hatuna bisibisi. Yule mtu wenu wa msimu wa kumi aliyefungua mlango bila kuugusa kwanza angekuwa majivu. Mwambie. Jumatano ni siku ya kuku. Bascombe."

Baba hajasema atafanya nini. Alitoka akaenda kuosha gari, ambalo lilikuwa safi. Bibi amesema tumwache. Mimi namwacha, lakini bado ninatumaini.

Mdogo wako,
Corinne


Chicago, 3 Novemba 2018

Bi. Arakaki,

Kama ukurasa ule haujatupwa, nitakuja tarehe 15. Nina sharti moja. Kikombe kiwe kimejaa maji kweli. Mtu anayeinua kikombe kitupu huonekana anaigiza, na kuna watu watakaokuwa wanatazama.

Dexter Tolliver


Los Angeles, 7 Novemba 2018

Bwana Tolliver,

Ukurasa uko. Nilikuwa nimeufungia kwenye droo yangu na kumwambia Bwana Lindqvist kwamba umepotea. Maji tutajaza. Bwana Prentiss naye anauliza kama utaendelea kukaa kwenye kiti kwa msimu uliobaki, baada ya Kapteni kwenda. Nimemjibu kwamba swali hilo akuulize mwenyewe, ana kwa ana.

Midori Arakaki


Chicago, 14 Desemba 2018

Dada Midori,

Nimengoja siku mbili ili niandike nikiwa nimetulia, lakini sijatulia, kwa hiyo naandika tu.

Jumatano tulikwenda kutazama kituoni. Baba alivaa fulana iliyopigwa pasi na kubeba keki ya karameli ya Bibi kwa mikono miwili, kama mtoto anayepelekwa shule mpya. Nilimwona akisita mlangoni. Hakuna aliyempigia makofi wala kumkumbatia. Luteni Bascombe alimtazama tu, akasema kuku anaungua na yeye amesimama hapo kama picha, na Baba akaenda moja kwa moja kwenye jiko akapunguza moto. Bibi aliniminya mkono mpaka ukauma.

Tamthilia ilianza saa moja jioni. Walicheka kila kitu. Ruiz alitafuta mgongo kwa mazoea, akaambiwa mwenye mgongo amekaa pembeni yake, akasema sheria ni sheria, ameuona wa kwanza. Walimuuliza Baba maswali mengi kuhusu Kapteni mpya, Bi. Sandoval, naye akawaambia kwamba anajitahidi, na kwamba amemfundisha kupasua mayai, ila bado anayaogopa. Nilisahau kukueleza hilo: Bwana Prentiss amempa kiti kwa msimu wote, na Baba alimjibu kwamba atakuja, isipokuwa Jumatano jioni.

Kapteni Kearney alipoanza kuaga, kengele ya kituo ililia. Kengele ya kweli. Viti vyote vilisogea kwa wakati mmoja. Baba naye alisimama, na nilimwona anageukia upande wa magari pamoja nao. Goti likamkumbusha. Alibaki ameshika meza, na wao wakaondoka, na king'ora kikaenda mbali, na tukabaki watatu na sahani kumi na moja. Dada Midori, niliogopa kumtazama. Nilidhani sasa atachukua koti lake na kusema twende nyumbani, na kwamba mimi ndiye niliyemleta mahali pa kuachwa.

Alizima majiko yote manne. Akafunika sahani moja moja, akaziingiza kwenye oveni ya moto mdogo, kwa mpangilio wa jinsi watu walivyokuwa wamekaa, ili kila mmoja apate ya kwake.

Sasa kuhusu uso wake. Mimi na Bibi tuliuona. Alisema maneno yake bila haraka, na kikombe kilikuwa kizito mkononi kama inavyotakiwa. Bibi alisema, "Mwangalie mwanangu," basi. Ilikuwa vizuri sana, na mwambie Bwana Lindqvist hivyo. Lakini Baba mwenyewe hakuona, maana alikuwa anatafuta vifuniko.

Walirudi baada ya nusu saa wakinuka moshi. Ilikuwa ni dari la gereji, hakuna aliyeumia. Hawakuuliza habari ya tamthilia. Waliketi wakaanza kuongea wote kwa pamoja, wakibishana ngazi ilipaswa kuwekwa upande gani, kila mmoja akimgeukia Baba ili amwunge mkono. Baba alikuwa bado amesimama na taulo begani, akawauliza kama mlango waliugusa kwanza.

"Kaa, Tolliver," Luteni Bascombe akasema, akimsogezea kiti kwa mguu. "Hatuwezi kukusimulia umesimama."

Na Baba akakaa.

Mdogo wako anayekushukuru,
Corinne Tolliver